Namna ya kuvizia nyota inayolipuka ukiwa mwaloni Mwanza

Julai 2018, saa tisa usiku, nilimgongea tajiri wangu mlango. Akatoka na shuka kiunoni na panga mkononi, anajua mashine zimeibwa. Nikamwambia, "Tajiri, njoo uone, nyota imelipuka." Nikamwonyesha upande wa magharibi: taa nyekundu nzito, haipepesi, kali kuliko nyota yoyote iliyokuwa juu usiku ule. Akaitazama. Akanitazama mimi. "Imelipuka imeua nani?" Akarudi kulala, na asubuhi mwalo mzima ukawa na habari.

Mimi ni mlinzi wa usiku Igombe, huku Ilemela. Nalinda mashine za boti, nyavu, na dagaa wa watu wakichelewa kukauka kwenye chanja. Naingia jioni jua linapozama, natoka asubuhi jua likishachomoza, na mtu anayekesha kando ya ziwa asipotazama juu basi amelala.

Tarehe 27 Julai hiyohiyo mwezi ulipatwa. Ilikuwa mbalamwezi, boti zote ziko nchi kavu, kwa hiyo watu walijaa ufukweni. Mida ya saa nne na nusu mwezi ukageuka rangi ya tofali, na jirani yake ikakaa ile nyota yangu. Kijana mmoja aliyekuja na ndoo ya kununulia dagaa, mwalimu wa fizikia, akanisikia nikiisimulia. "Shikamoo mzee. Hiyo ni Mirihi, sayari, si nyota. Mwezi huu imetukaribia kuliko miaka kumi na mitano yote iliyopita." Nikamwitikia, nikamwuliza: sasa nyota ikilipuka kweli nitaijuaje? Akasema, "Mpaka uzijue zile ambazo hazijalipuka, mzee."

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Hadi leo nimejaza matatu, na nyota iliyolipuka sijaiona hata moja. Ninachoandika hapa ni jinsi ninavyoivizia. Lakini nitaanza na sababu za kutokuiona, kwa maana usipozijua utakesha ukitazama mahali ambapo hata ingelipuka usingeiona.

Kwanza ujue zinakojificha

Nyota kulipuka, wataalamu huita supanova, si jambo adimu. Darubini kubwa za dunia hugundua milipuko kwa maelfu kila mwaka. Ila karibu yote iko katika galaksi nyingine, yaani miji mingine mikubwa ya nyota, mbali kiasi kwamba jicho halipati kitu. Katika galaksi yetu wenyewe, hii tunayoiona usiku kama Njia Nyeupe, wataalamu hukadiria milipuko kama miwili kwa kila miaka mia moja. Ya mwisho ambayo watu waliiona vizuri kwa macho ndani ya galaksi yetu ilikuwa Oktoba 1604, ile ambayo mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliifuatilia na kuiandikia. Galileo alielekeza darubini angani mwaka 1609, yaani ilikuwa imeshapita kabla ya darubini. Toka Kepler hadi sasa ni zaidi ya miaka mia nne, kwa hesabu ya kawaida tulitakiwa tupate kama minane. Imekwenda wapi?

Njoo ukae nami juu ya jiwe langu usiku wa giza, wakati wa dagaa, ambao huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola, lakini ziwa ni lilelile: linakuwa mji. Anza kuzihesabu zile taa. Utazipata za karibu bila shida. Za mbali zinashikana, mbili zinaonekana moja. Boti zilizokwenda nyuma ya kisiwa huzioni kabisa, na tajiri wao hapa anajua ziko kazini. Ukungu ukishuka saa kumi alfajiri, nusu ya mji inazimika na hakuna taa hata moja iliyozimwa. Mimi nikiulizwa boti ngapi ziko ziwani sijibu kwa kuhesabu taa.

Galaksi yetu ni hivyohivyo, ila ukungu wake ni vumbi. Tazama Njia Nyeupe mwezi Julai ikiwa juu ya kichwa. Ina mabaka meusi na mpasuko mrefu katikati. Miaka yote nilidhani pale hakuna nyota. Kumbe nyota zimejaa. Kilichopo mbele yake ni chembe ndogo kama za moshi, zimetawanyika sana lakini kwa umbali mkubwa mno, na zinameza nuru. Kuna baka moja kubwa kando ya zile nyota nne za Msalaba wa Kusini, linaonekana vizuri jioni za Mei na Juni. Wazungu wanaliita Gunia la Makaa. Hapo sikuwa na ubishi nao, gunia la mkaa ndilo hasa.

Ubaya ni kwamba nyota kubwa, zile za kulipuka, huzaliwa humohumo kwenye vumbi na hazikai muda mrefu kiasi cha kuhama mbali. Na kitovu cha galaksi, ambako nyota zimesongamana kuliko kote, kiko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000 upande wa kundi la nyota la Mshale, jirani na mkia wa kundi la Nge. Mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, kilomita trilioni tisa na nusu hivi. Katika nuru ya macho inayoanza safari kule kuja kwetu, inayofika ni kama chembe moja kati ya trilioni moja. Mlipuko ukitokea nyuma ya pazia hilo, wewe na mimi tutaendelea kunywa chai.

Na umeshatokea. Kati ya Nge na Mshale kuna mabaki ya nyota yanayoitwa G1.9+0.3. Yalipopimwa vizuri, ikatangazwa mwaka 2008 kwamba nuru ya mlipuko ule ilipita duniani kama miaka mia moja na kidogo tu nyuma. Yaani zama za Wajerumani kuwa hapa Mwanza. Anga la Igombe lilikuwa jeusi kuliko sasa, halina taa ya mji hata moja, wavuvi wako majini, mlipuko uko karibu juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeona kitu. Mwingine ni Cassiopeia A, kaskazini, umbali wa miaka ya nuru kama 11,000. Nuru yake ilitakiwa kufika mwishoni mwa miaka ya 1600, Ulaya tayari wana darubini, na hakuna aliyeacha maandishi ya uhakika kwamba aliiona iking'aa. Mabaki yake yalikuja kunaswa kwa mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kuwa redio hupenya vumbi.

Sababu nyingine ni fupi. Nyota za kulipuka ni chache. Ili nyota ife kwa kishindo inatakiwa ianze na uzito wa kama mara nane ya jua au zaidi. Jua letu halitalipuka kamwe. Nyota kubwa hivyo huchoma akiba yake haraka, inaunganisha vitu vyepesi kuwa vizito mpaka katikati panabaki chuma. Chuma hakitoi nishati ya kuendelea. Moyo wa nyota unajiporomokea kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje zinarushwa. Aina nyingine ni nyota ndogo iliyokwisha kufa, ile wanayoiita kibete cheupe, inayonyonya mwenzake mpaka inakaribia uzito wa jua moja na nusu, ikalipuka yote. Hiyo haihitaji ukubwa ila inahitaji jirani.

Halafu kuna jua. Kila mwaka sehemu ya anga inakaa nyuma ya mwanga wa mchana kwa wiki kadhaa. Wahenga wa pwani walipolima kwa kutazama Kilimia, kile kishada cha nyota, walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kati ya kuzama na kuzuka hakionekani, na nyota yoyote iliyo upande huo ikilipuka kipindi hicho itakuwa juu mchana pamoja na jua. Ikiwa kali sana itaonekana hata hivyo: ya mwaka 1054 katika kundi la Ng'ombe, Wachina waliiona mchana kweupe kwa siku 23. Zisizo kali kiasi hicho zinaweza kupita.

Usiku gani, na ukae wapi

Kalenda yako ni ya dagaa. Wanapovua ndipo nawe utazame. Mbalamwezi ikifika wao wanashona nyavu, wewe lala. Mwezi mpevu unafuta nyota zote ndogo.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri kwetu, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa hukaa chini upeoni. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ziwa letu lina tabia ya kutengeneza radi zake usiku, kwa hiyo usipange sana. Nimeshakaa wiki mbili za Aprili na sikuandika ila neno "wingu".

Mahali: toka Kirumba na katikati ya mji. Huko taa ni nyingi, utaona nyota za kuhesabika. Igombe, Kayenze, Sangabuye, au ukivuka kwenda visiwani, ni sawa. Mimi nakaa mgongo kwa mji na uso kwa maji. Kitu kibaya hapa ni zile taa za boti zenyewe zikiwa karibu na ufuko. Moja ikikupiga machoni umeanza upya, maana jicho linataka dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza. Simu vilevile. Yangu nimeifunga nailoni nyekundu kwa mpira wa kufungia pesa, nyekundu haiharibu macho sana. Giza kamili kwetu huingia mida ya saa mbili usiku.

Na hapa tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa mwaka mmoja anga lote linatupitia, la kaskazini na la kusini. Mahali ilipolipuka ile nyota aliyoiandikia mtaalamu Tycho Brahe mwaka 1572 panafika kwetu nyuzi kama 23 juu ya upeo wa kaskazini. Mahali palipotokea ile ya 1987, nitakayoisimulia mbele, panafika kimo hichohicho kusini. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni nyuzi kumi. Basi ni ngumi mbili na ushee, kila upande.

Shika vipande, usishike anga

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanachoka. Kulikuwa na mchungaji wa Australia, Robert Evans, aliyegundua milipuko zaidi ya arobaini kwa kuchungulia kwenye darubini kwa jicho lake, bila kamera. Alikuwa amekariri sura za galaksi kwa mamia pamoja na nyota zinazozizunguka, hivyo kikiongezeka kidoa kimoja anakiona. Sisi hatuna darubini yake. Ila namna yake ya kukariri tunaiweza, kwa nyota za macho.

Chukua kipande kimoja kwa mwezi. Usizidishe. Kichore kwenye daftari, nukta kubwa kwa nyota kali, nukta ndogo kwa hafifu, mpaka uweze kukichora ukiwa umefumba macho. Kila nyota ipime kwa majirani zake: hii ni kali kuliko ile, hii ni sawa na ile. Usiandike "kali sana", haina maana. Kali kuliko nani?

Nikupe mfano. Desemba hadi Machi jioni tunaye Jabari, yule mtu mwenye nyota tatu za mkanda. Mabega yake ni mawili: Betelgeuse, nyekundu, na Bellatrix, nyeupe. Siku zote Betelgeuse ndiyo kali. Katikati ya Februari 2020 niliandika: "Mabega sawasawa." Nikafuta, nikadhani macho yamechoka. Usiku uliofuata nikaandika tena vilevile. Nikamtumia ujumbe yule mwalimu wa fizikia, akajibu kwamba dunia nzima inaitazama, imefifia mpaka karibu theluthi ya mwanga wake wa kawaida. Watu walisema sasa inalipuka. Haikulipuka, ilikuwa imejikohoa wingu la vumbi likaiziba kwa mbele, na sehemu ya uso wake ikapoa. Kufikia Aprili ilishaanza kurudi. Lakini mlinzi wa Igombe asiye na darubini alikiona kitu hicho kwa sababu alikuwa anayajua mabega mawili. Tajiri nilimweleza asubuhi, si usiku.

Betelgeuse italipuka kweli, ila si lazima kesho. Inaweza kuwa ndani ya miaka laki moja. Iko umbali wa miaka ya nuru mia tano hadi mia saba hivi, hakuna vumbi la maana katikati, na ikifika siku hiyo itang'aa kama nusu mwezi. Hiyo haihitaji kuviziwa, kuku wataiona.

Vipande vingine ninavyovishika: Nge pamoja na Antares yake nyekundu, ambayo nayo ni jitu la kulipuka, jioni za Juni hadi Septemba. Eneo la Mshale, mwezi wa saba mida ya saa tano usiku, likiwa ngumi sita juu ya upeo wa kusini. Huko vumbi ni jingi lakini nyota ni nyingi zaidi. Eta Carinae, jioni za Machi hadi Juni kusini, nyota ambayo mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa ukali angani kote na sasa imefifia.

Na Wingu Kubwa la Magellan. Januari na Februari, saa mbili hadi tatu usiku, geukia kusini, ngumi mbili na kidogo juu. Utaona kitu kama moshi wa jiko uliokataa kuondoka. Ile ni galaksi nyingine, ndogo, jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000. Huko hatutazami kwa kupenya vumbi lote la kwetu, tunatoka nje ya sahani ya galaksi. Ndiyo maana mlipuko wa Februari 1987, uliokuwa mbali mara sita kuliko kitovu chetu, ulionekana kwa macho matupu.

Habari za usiku ule nazipenda kuliko zote. Huko Las Campanas, Chile, Ian Shelton aliona kidoa kipya kwenye picha aliyotoka kuisafisha, akatoka nje kuhakikisha kwa macho. Lakini mwendesha darubini wa palepale, Oscar Duhalde, alikuwa ametoka nje mapema zaidi usiku huohuo, mapumziko tu, akatazama lile wingu akaona lina nyota isiyo ya pale. Akarudi kazini, hakumwambia mtu mpaka Shelton alipoingia na habari. Mtu wa zamu ya usiku, jamani. Aliijua kwa kuwa lile wingu alikuwa analiona kila siku.

Niliwauliza wazee wawili waliokuwa wanavua mwaka huo kama waliona kitu kusini. Mmoja alisema hakumbuki. Wa pili akasema, "Mwanangu, mwaka 87 tulikuwa tunatazama wavu."

Zoezi la kujipimia lipo. Kaskazini, jioni za Juni na Julai, kuna upinde wa nyota kama bangili iliyokatika, Corona Borealis. Pembeni ya upinde huo ipo nyota T Coronae Borealis, ambayo jicho haliioni kabisa siku za kawaida. Iliwaka mwaka 1866, ikawaka tena 1946, na kurudi kwake hungojewa kila baada ya miaka kama 80. Hiyo ni nova, si supanova: kibete cheupe kinachomwa ngozi ya juu tu, hakifi. Ikiwaka hulingana na nyota kali kuliko zote katika ule upinde, kisha baada ya siku chache jicho limeshaipoteza. Ukiikariri ile bangili sasa, siku ikiwa na kito cha ziada hutahitaji kuambiwa.

Ukiona kitu

Usikimbie. Mimi nilikimbia, na bado naitwa Mlipuko hapa mwaloni.

Funga jicho moja, tazama kama kinasogea. Ndege zinazotua Uwanja wa Mwanza hutokea upande wa ziwani, na ikiwa inakuja moja kwa moja kwako taa yake inaning'inia dakika mbili nzima haichezi, kali, nyeupe, nyota kamili. Halafu inagawanyika kuwa taa tatu na mlio unakufikia. Satelaiti nazo, hasa baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, zinawaka ghafla na kuzimika. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza usimwambie mtu.

Ikibaki, jiulize kama iko kwenye barabara ya mwezi na jua, ule mstari wa Ng'ombe, Simba, Mizani, Nge, Mshale. Kama iko hapo na haipepesi, ni sayari mpaka ithibitike vinginevyo: Zuhura, Mshtarii, Zohali, au Mirihi yangu. Programu ya simu kama Stellarium itakuambia kwa nusu dakika. Mwaka 2018 sikuwa na simu ya kuipakua, nilikuwa na ya tochi.

Kama iko chini upeoni inabadilisha rangi, nyekundu, kijani, buluu, hiyo ni nyota ya kawaida na hewa ya ziwani. Subiri ipande.

Ikivuka mitihani yote hiyo, andika saa na dakika, ichore na majirani zake, pima ukali wake kwa nyota mbili, moja inayoizidi na moja inayozidiwa. Piga picha na simu ikiwa imeegemezwa juu ya jiwe, usiishike kwa mkono. Kisha mpigie mtu aliye mbali, Musoma au Bukoba, mwambie atazame bila kumwambia ataona nini. Ukimwambia kwanza ataiona tu. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia una mtandao wa kupokea taarifa hizi, Transient Name Server, na hapo ndipo pa kuangalia kama imeshasajiliwa. Ikiwa kali ya macho, kuna uwezekano mkubwa umeshatanguliwa na mashine. Usihuzunike. Saa uliyoandika bado ina kazi, kwani wanaotafiti hutaka kujua iling'aa lini na ilikuwaje kabla.

Jambo moja la mwisho la kukurahisishia. Moyo wa nyota kubwa unapoporomoka, hutoa chembe zinazoitwa nyutrino, na hizo hutoka mara moja wakati nuru bado inahangaika kupenya tabaka za nje. Mwaka 1987 mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi Japani, Marekani na Urusi ya wakati ule ilinasa kama 25 tu, saa mbili tatu kabla ya nuru. Siku hizi mitambo ya namna hiyo imeunganishwa katika mtandao wa tahadhari, SNEWS, na mtu yeyote anaweza kuandikisha barua pepe yake. Nyutrino hazizuiwi na vumbi. Kwa hiyo simu ya mlinzi inaweza kulia hata kama mlipuko wenyewe uko nyuma ya Gunia la Makaa.

Tajiri na mimi tumeshakubaliana. Amesema nisimgongee tena mpaka nyota itoe kivuli. Ya mwaka 1006, ile ambayo Ali ibn Ridwan wa Misri aliandika kwamba ilizidi Zuhura mara mbili na nusu hadi tatu, ingefaulu mtihani huo. Nimechimbia kijiti mchangani nyuma ya chanja, mbele yake nimetandika kiroba cheupe cha unga. Zuhura ikiwa kali usiku wa giza huweka kivuli hafifu juu ya kiroba, nimekiona mara mbili. Sikumgongea mtu.